Semeni Ni Tairi Ipi: Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Polisi wa Trafiki Pwani

Malindi,
Septemba 2025

Kwa wakubwa wa polisi wa trafiki, ukanda wa Pwani, Kenya.

MINTARAFU: MASHTAKA YA UBOVU WA GARI YANAYOANDIKWA BILA KIPIMO

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mfanyabiashara wa maembe hapa Malindi, na pikapu yangu naiendesha mwenyewe. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na mbili. Nanunua mashambani upande wa Magarini na Ganda, napakia usiku, na kabla jua halijachomoza nataka niwe soko la Kongowea, Mombasa. Nawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha nimeipita hadi mwisho wake. Nimefika kituoni mara tatu. Tarehe 30 Juni niliwasilisha barua ya kurasa mbili, nakala yangu ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Ndani yake niliomba habari chache kuhusu kilichonipata. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi kama hilo. Zimepita zaidi ya 60 na sijapata hata simu.

Jina langu, namba ya gari, jina la kituo na namba ya kitabu cha matukio vyote vimo katika barua hiyo mliyoipiga muhuri. Hapa sivitaji, wala simtaji afisa aliyehusika, kwa kuwa sikuja kumwaibisha mtu mbele ya majirani zake. Nimekuja kuuliza juu ya namna kazi inavyofanywa.

Alhamisi, tarehe 16 Januari 2025, kiasi cha saa kumi na moja alfajiri, nilisimamishwa kwenye kizuizi kimoja nikielekea Mombasa. Nilikuwa na kreti 40 za maembe ya ngowe na boribo, na utingo wangu amelala ubavuni. Afisa aliyenisimamisha ni kijana, umri wa mwanangu wa kwanza, na alianza vizuri. Alinisalimia, akaniita mzee, akaomba leseni na bima. Nikampa, akaridhika. Stika ya ukaguzi ilikuwa kiooni na muda wake haujaisha.

Akazunguka nyuma, akasema taa ya breki ya kushoto haiwaki. Nikamwamsha utingo akanyage breki, nami nikashuka nikasimama kando ya afisa. Taa zote mbili ziliwaka. Giza lilikuwa bado zito, na ule wekundu ulimulika hadi vifungo vya sare yake. Hakusema kitu. Akawasha tochi ya simu, akainama kidogo, akaipiga tairi ya nyuma kwa ncha ya buti.

"Mzee, tairi zako zimeisha."

"Ipi, afande?"

"Zote."

Tairi mbili za nyuma nilizinunua Novemba 2024. Risiti ilikuwa kwenye dashibodi, nikaitoa nikamwonyesha. Nikamwonyesha pia tarakimu nne zilizochapwa ubavuni mwa tairi, 2824, maana yake tairi ile ilitengenezwa wiki ya 28 ya mwaka 2024. Akanijibu kwamba risiti haiendeshi gari. Kisha akaniuliza lile swali ambalo kila dereva wa Pwani amewahi kuulizwa: "Sasa tunafanyaje?" Sitasema aliniomba hongo, kwa sababu neno hilo halikutoka kinywani mwake, na kumsingizia mtu ni dhambi. Nilimjibu, "Tuandike, afande." Akaandika.

Gari likapelekwa kituoni. Nikakaa uani, maembe yakiwa chini ya turubai na jua la kaskazi likipanda. Anayeijua ngowe iliyokomaa anajua haivumilii joto. Ilipofika adhuhuri, maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kreti za chini na nyuki wamejaa. Ndugu yangu alileta shilingi 10,000 za dhamana saa tisa alasiri, nikaachiliwa. Shehena iliyonigharimu shilingi 48,000 niliiuza jioni ile kwa shilingi 13,000 kwa akina mama wanaotengeneza juisi, na walinunua kwa kunihurumia.

Sasa niruhusuni nieleze yanayonisumbua, moja baada ya jingine.

1. Shtaka halisemi kosa ni lipi.

Kwenye karatasi niliyoandikiwa kulikuwa na maneno mawili ya Kiingereza ambayo kwa lugha yetu ni "tairi mbovu". Hakuna zaidi. Gari langu lina tairi nne barabarani na ya tano ni spea iliyofungwa chini ya bodi. Ni ipi mbovu? Imeisha meno? Imechanika ubavuni? Ina uvimbe? Imetoboka? Haina upepo wa kutosha? Kila moja ya hizo ni hatari tofauti na ina jibu lake tofauti, na mshtakiwa hawezi kujibu yote kwa mpigo.

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki kinataka gari, sehemu zake zote na vifaa vyake, taa na tairi zikiwemo, viwe katika hali isiyohatarisha wengine barabarani. Naikubali sheria hiyo kwa moyo wote. Lakini Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 50(2)(b), inasema mshtakiwa aelezwe shtaka lake kwa kina kinachomtosha kulijibu. Maneno mawili hayatoshi. Nilikwenda mahakamani na karatasi ile mkononi sijui nijitetee kwa tairi ya mbele au ya nyuma, kulia au kushoto.

2. Hakuna kilichopimwa.

Hili ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu, nanyi mnivumilie nikilieleza kirefu.

Ndani ya mifereji ya kila tairi ya gari kuna vinundu vidogo vya mpira. Watengenezaji huviweka makusudi, kwa urefu wa milimita 1.6 kutoka chini ya mfereji. Tairi inapolika hadi uso wake ukalingana na vinundu hivyo, imekwisha, iondolewe. Mtu hahitaji kusomea ufundi ili avione. Anahitaji kuinama, kupitisha kidole kwenye mfereji na kuangalia. Kazi hiyo haimalizi dakika mbili kwa tairi zote nne.

Nilipoachiliwa jioni ile nilikwenda moja kwa moja kwa fundi wa panchaa hapa mjini, mzee mwenzangu ambaye mikono yake imekuwa myeusi kwa mpira tangu nikiwa kijana. Ana kipimo cha chuma, kidogo kama kidole. Akakitumbukiza kwenye mifereji, sehemu tatu kwa kila tairi, huku mimi nikiandika nyuma ya ile risiti. Za nyuma, milimita 7. Za mbele, milimita 4. Akafuta kipimo kwa kitambaa, akairudia tairi ya mbele kulia kwa kuwa hakuridhika na mkono wake wa kwanza. Ikatoka 4 vilevile.

Mzee huyo hana mshahara wa serikali, na aliona haya kusema neno juu ya tairi ya mtu kabla ya kupima mara mbili. Afisa aliyeniandikia alitumia tochi ya simu, gizani, chini ya dakika moja, na buti. Kwa hayo nikapoteza shehena, nikatoa dhamana, nikasimama kizimbani.

3. Kama tairi zilikuwa hatari, iliwezekanaje niondoke nazo?

Naomba swali hili lijibiwe na mtu mwenye cheo. Saa tisa alasiri, dhamana ilipolipwa, nilipewa ufunguo nikaambiwa niende. Hakuna aliyeniambia nibadilishe tairi kwanza. Hakuna aliyemwita mkaguzi wa magari. Hakuna aliyetazama tairi hata mara moja zaidi. Niliendesha gari lile lile, kwa tairi zile zile, kilomita zaidi ya 40 hadi nyumbani, nikapita palepale kwenye kizuizi kile.

Ikiwa kweli zilikuwa zimekwisha, basi kituo kilinituma nikahatarishe maisha yangu na ya watoto waliokuwa wanatoka shule kando ya barabara. Ikiwa hazikuwa zimekwisha, basi nilishtakiwa kwa jambo ambalo hata walionishtaki hawakuliamini. Nimelifikiria jambo hili miezi minane na sijaona mlango wa tatu.

4. Kukana kosa kunagharimu kuliko kulikubali.

Siku ya kusomewa mashtaka tulikuwa watu kumi na watatu wa makosa ya barabarani. Pembeni yangu alikaa kijana wa tuktuk aliyeandikiwa kioo cha pembeni. Akanionyesha picha kwenye simu: kioo kipo, kizima, na uso wake mwenyewe umo ndani. Nikamwambia, "Mwanangu, kana, picha unayo." Akaniuliza nikikana narudi lini. Nikamwambia pengine baada ya mwezi au miwili. Akatikisa kichwa. Tuktuk si yake, hesabu ya tajiri inatakiwa kila jioni, na siku moja mahakamani ni siku ya deni. Alipoitwa akasema, "Ni kweli, mheshimiwa." Akatozwa faini, akatoka akikimbia kwenda kutafuta wateja.

Kati ya wote kumi na watatu, mimi peke yangu ndiye niliyekana. Wengine huenda walikuwa na makosa, sijui. Yule kijana najua hakuwa nalo.

Kesi yangu ilipangiwa kusikizwa Machi, ndani ya Ramadhani. Nilifika saa mbili nikiwa na saumu, nikakaa hadi saa nane. Afisa hakuja. Ikaahirishwa hadi Mei. Mei hakuja. Ikaahirishwa hadi mwishoni mwa Juni, na hapo hakimu alipoona shahidi hayupo tena akaniachilia huru. Dhamana yangu nilirudishiwa baadaye, baada ya kuifuatilia kwa wiki kadhaa.

Watu wameniambia nishukuru kwa kuwa nilishinda. Ninashukuru. Lakini sikupata siku ya kumwonyesha mtu yeyote ile risiti yenye vipimo nyuma yake. Hakuna aliyesema tairi zilikuwa nzima. Na aliyeniandikia hajaulizwa swali lolote, kwa hivyo kesho ataandika vilevile.

5. Picha.

Nilipotaka kupiga picha tairi zangu mwenyewe palepale barabarani, nikiwa nimeweka njiti ya kiberiti kwenye mfereji ionekane inavyozama, niliamriwa nifunge simu. Sikuelekeza kamera kwa afisa. Nilielekeza kwa mpira wangu.

6. Lugha.

Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi, Ibara ya 7 ya Katiba imesema hivyo. Ibara ya 49(1)(a) inasema anayekamatwa aelezwe sababu upesi na kwa lugha anayoielewa. Mimi Kiingereza kidogo nakisoma. Wapo wazee wa madau, wachuuzi na vijana wa bodaboda wasiokijua kabisa, na wanatia saini karatasi wasiyojua imeandikwa nini.

Waheshimiwa, najua mtakayonijibu, kwa sababu mengine nimeshajibiwa kaunta.

Niliambiwa kwamba barabara ya Mombasa na Malindi inaua na polisi wakilegea itaua zaidi. Naomba nijibu hili kwa utaratibu, kwa kuwa linanigusa kuliko mnavyodhani. Mdogo wangu wa tumbo moja alikufa mwaka 2009 kwa tairi iliyopasuka. Alikuwa amepanda nyuma ya pikapu ya mtu mwingine, juu ya magunia ya nazi. Mimi ndiye niliyekwenda kumtambua, na kabla ya kuondoka pale niliitazama ile tairi: ilikuwa nyuzi tupu, laini kama kipara cha mtu mzima. Tangu siku hiyo kila Jumapili nazunguka gari langu na tochi kabla ya kitu kingine chochote. Nilipoambiwa gizani kwamba naendesha kwa tairi zilizokwisha, na mtu ambaye hakuzitazama, lilinichoma mahali ambapo hata mke wangu hapagusi. Nataka polisi wakague tairi. Nataka wazikague zaidi ya wanavyozikagua sasa. Siku ile alfajiri hakuna tairi iliyokaguliwa, na kama mbele yangu au nyuma yangu kulikuwa na matatu yenye tairi za nyuzi tupu, ilipita wakati tunabishana juu ya zangu.

Niliambiwa pia kwamba maafisa ni wachache na vifaa hakuna. Uchache nauona, na jua wanalosimama chini yake naliona. Hapo nawahurumia kwa dhati. Lakini kipimo cha tairi mafundi wetu wa panchaa wanacho, na simu yenye kamera ilikuwa mkononi mwa afisa huyohuyo. Vinundu ndani ya mfereji vimekuja na tairi bure.

Na niliambiwa niende kwenye Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, kama sikuridhika. Naijua haki hiyo, ipo tangu sheria ya mwaka 2011, na ofisi yao ya karibu nasi iko Mombasa. Nitakwenda ikibidi. Ila mlalamikaji anapofika kwenu kwanza, kwa adabu, na barua yenye muhuri, kumtuma kilomita 120 bila kumjibu neno ni kumfukuza. Ibara ya 244 ya Katiba inaitaka huduma yenu iwe na weledi na nidhamu ya hali ya juu, izuie ufisadi, na ifanye kazi kwa uwazi na uwajibikaji. Kujibu barua ni sehemu ndogo kabisa ya hayo.

Kwa hivyo ninaomba mambo yafuatayo.

Kwanza, kila afisa anayeandika shtaka la ubovu wa gari aandike ni kifaa gani, kiko upande gani, kina kasoro gani, na ameijuaje. "Tairi ya mbele kushoto, mifereji imelingana na vinundu." "Taa ya breki ya kulia haikuwaka breki ilipokanyagwa mara mbili." Mstari mmoja unatosha, na uandikwe kwa lugha ambayo dereva anaielewa.

Pili, dereva aonyeshwe kasoro hiyo palepale kabla ya kutia saini, na aruhusiwe kupiga picha gari lake. Afisa naye apige yake. Kama nina kosa, picha yake itanifunga mdomo, na wallahi nitalipa faini bila kunung'unika.

Tatu, kwa kasoro ndogo isiyohatarisha mtu, kama balbu iliyoungua njiani au kifutio cha kioo kilicholegea, dereva apewe onyo la maandishi na siku chache za kutengeneza, kisha alete gari lionekane. Balbu huungua bila kupiga hodi. Na kwa kasoro kubwa, gari lisiondoke kituoni hadi litengenezwe au mkaguzi aseme ni salama. Hili la mwisho linatuumiza sisi wenye magari, nalijua, na bado naliomba.

Nne, gari lililobeba shehena inayoharibika lishughulikiwe mapema. Maembe, samaki wa Ngomeni, maziwa, mboga. Namba ya gari na leseni mnazo. Hatuwezi kutorokea popote.

Tano, afisa aliyeandika shtaka afike mahakamani tarehe ya kwanza. Asipoweza, mshtakiwa aarifiwe siku moja kabla ili asifunge biashara yake bure. Na shtaka lisilo na kipimo wala picha liondolewe na ofisi yenu wenyewe kabla halijamfikia hakimu.

Sita, barua yangu ya tarehe 30 Juni ijibiwe kwa maandishi. Niliuliza mambo matatu tu: ni tairi ipi iliyokuwa mbovu, ilipimwa kwa kifaa gani, na kwa nini shahidi hakufika mara tatu. Siombi fidia ya maembe. Hiyo nimeshaiachia Mungu.

Tairi mbili za nyuma bado ziko garini. Zimetembea toka Januari hadi leo, na wiki iliyopita fundi alizipima tena akapata milimita 5. Za mbele nilizibadilisha Agosti, zilipokaribia 2, na zile kuukuu nimezihifadhi nyumbani kwa sababu ya barua hii. Niko tayari kuzileta zote, pamoja na risiti na vipimo vilivyoandikwa nyuma yake, siku yoyote mtakayoniita. Jumanne na Ijumaa niko safarini. Siku nyingine nitafika saa mtakayoitaja, na kipimo nitakuja nacho.

Ni mimi, kwa heshima,

Mwenye pikapu ya maembe,
Malindi